Dawa ya mikorosho isitoke ghalani bila lebo yake

Mhariri,

Mikorosho ya Mtwara na Lindi huanza kutoa maua kuanzia Juni hivi, na hapo ndipo viroba vya salfa (unga wa kuzuia ukungu wa mikorosho) na katoni za dawa za maji hutoka maghalani kwenda kwa wakulima. Ndani ya ghala kila kitu kina lebo. Tatizo linaanzia mlangoni. Mwenye mikorosho thelathini hahitaji lita nzima ya dawa ya wadudu, basi watu wanne wanachangia lita moja, wanapimiana kwa kifuniko, na kila mmoja anaondoka na mgao wake. Mmoja anapata kopo lenye lebo. Watatu waliobaki wanabeba sumu isiyo na jina wala kipimo, ndani ya chupa ya maji ambayo mtoto yeyote wa Tandahimba au Nachingwea anajua kuwa ni ya kunywea.

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze lebo ile inasema nini. Naamini watu wanaiacha nyuma kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao akawasomea.

Tuanze na mkanda wa rangi ulio chini ya lebo ya kiuatilifu, maana huo hata asiyejua kusoma anaweza kuutumia. Nyekundu ni sumu kali kupita zote, kiasi kidogo sana kinatosha kuua. Njano ni sumu ya kati, nayo inaweza kumlaza mtu hospitalini. Bluu ni hafifu zaidi, na kijani ni dawa isiyotarajiwa kumdhuru mtu papo hapo ikitumiwa ilivyoelekezwa. Mpangilio huu unafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na unahusu jambo moja tu: ukali wa dawa ikimezwa au ikipita kwenye ngozi. Hausemi lolote kuhusu saratani, wala mimba, wala nyuki na samaki. Anayeona kijani akavua glovu ameipa rangi kazi isiyo yake.

Ndani ya mkanda huo kuna vipicha vidogo vyeusi, navyo vimepangwa kwa maana. Vilivyo upande wa kushoto vinamhusu anayepima na kuchanganya dawa ikiwa bado nzito, na vya kulia vinamhusu anayepulizia. Ndiyo maana mara nyingi utakuta glovu na kinga ya macho kushoto, lakini kulia ni mabuti na nguo ndefu. Wakulima wengi hufanya kinyume: hujifunga vizuri wakati wa kupulizia, lakini hupima dawa kwa mikono mitupu asubuhi. Hatari kubwa iko pale kwenye kupima. Tone la dawa isiyochanganywa lina sumu mara mamia kuliko tone linalotoka kwenye bomba la kupulizia lililojazwa maji lita 16.

Juu ya mkanda huo, na kwenye makopo ya kemikali nyingine zote za dukani na kiwandani, utakuta alama za mfumo wa Umoja wa Mataifa uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Ni miraba iliyosimama kwa ncha, yenye ukingo mwekundu, ardhi nyeupe na mchoro mweusi. Ziko tisa. Bidhaa za zamani kutoka Ulaya zilikuwa na mraba wa rangi ya chungwa, na kopo la namna hiyo likionekana leo stoo, ujue lina miaka mingi na huenda muda wake wa matumizi umekwisha siku nyingi.

Alama ambayo kila mtu anaijua ni fuvu lenye mifupa iliyopishana. Kwa bahati mbaya kulijua fuvu kumezaa kosa: kopo lisipokuwa na fuvu, watu wanasema si sumu. Fuvu linaonya juu ya sumu inayoua kwa haraka tu. Kuna alama nyingine ya kifua cha mtu chenye mpasuko wa nyota katikati, na hiyo ndiyo ningependa kila nyumba ya kusini iijue. Inawekwa kwenye vitu vinavyoharibu mapafu, vinavyosababisha saratani, au vinavyodhuru mtoto aliye tumboni. Madhara yake huweza kuja baada ya miaka, mtu ameshasahau alichoshika.

Mafuta ya taa yana alama hiyo ya kifua, na sababu yake inaokoa maisha. Mafuta ni mepesi, na mtoto akiyameza huteleza kirahisi kuingia kwenye njia ya hewa, hasa akitapika. Tone dogo likifika mapafuni linatosha kuleta nimonia kali. Kwa hiyo kile ambacho wazazi wengi hukimbilia, kumtapisha mtoto kwa kidole au kwa kumnywesha maji ya chumvi, ndicho kinachoweza kumuua. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa au petroli asitapishwe. Akalishwe wima, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima, maana kikohozi na homa huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Sasa nije kwenye salfa, maana ndiyo inayojaza maghala yetu na ndiyo watu wanaidharau kuliko zote. Kiroba cha salfa kwa kawaida kina alama ya mshangao, yenye maana ya kuwasha ngozi na macho. Mtu akisoma kiroba peke yake ataona ni jambo dogo. Lakini lori linalobeba salfa ya unga kutoka bandarini Mtwara linastahili kibao cha mistari ya wima, myekundu na myeupe, chenye mwali wa moto na namba 4 chini yake: kitu kigumu kinachoshika moto. Kiroba kinasema na ngozi yako, kibao cha lori kinasema na zimamoto, na vyote viwili vinazungumzia unga uleule. Mkulima hakioni kibao. Anaona mshangao, anaweka viroba vitatu jikoni karibu na mafiga kwa sababu hapo ni pakavu.

Salfa huwaka kwa mwali wa bluu uliofifia, ambao mchana wa jua hauonekani vizuri. Mtu anaweza kudhani moto umezimika huku unaendelea kutambaa. Moshi wake ni gesi ya dayoksidi ya salfa, nzito kuliko hewa, inayotulia chini na kuchoma koo, macho na mapafu. Unga ukitimka hewani ndani ya chumba kilichofungwa, cheche moja inaweza kuulipua chumba kizima. Kwa hiyo ghalani salfa isifagiliwe kwa ufagio mkavu. Nyunyiza maji kidogo kwanza, na kuzoa kuwe kwa sepetu ya plastiki au ya mbao, maana chuma kikigonga saruji hutoa cheche. Moto mdogo ufunikwe kwa mchanga mwingi au unyunyiziwe maji laini ya manyunyu. Usipigwe kwa mpira wa maji yenye nguvu, kwani maji hayo huurusha unga hewani na kuugeuza moto kuwa mlipuko. Na anayezima asimame upande unakotoka upepo.

Shambani hatari ileile ipo kwenye mashine ya kupulizia. Injini inatumia petroli, bomba la moshi lina moto, na tangi la unga liko hapohapo mgongoni. Izimwe na iachwe ipoe kabla ya kujazwa mafuta, kisha ifutwe vumbi la salfa kabla ya kuwashwa tena. Kanga iliyofungwa puani haizuii unga laini kama huo. Barakoa ya vumbi inayoshika vizuri pembezoni ndiyo inayofaa, ile iliyoandikwa N95 au FFP2. Barakoa hiyo nayo haifai kwa mvuke wa dawa za maji, unaohitaji barakoa yenye kichujio cha mkaa. Hili la kuchanganya barakoa mbili hizi limeenea sana, na wauzaji wangesaidia kulieleza.

Jambo jingine la ghala ambalo halisubiri: salfa isikae chumba kimoja na klorini ya unga ile ya kutibu maji ya visima, wala na mbolea ya naitreti. Klorini ya unga ina alama inayofanana na ya moto, lakini mwali wake umesimama juu ya duara. Tofauti ni kubwa. Mwali peke yake ni kitu kinachoungua, mwali juu ya duara ni kitu kinacholisha moto wa mwenzake kwa kutoa oksijeni. Vikikutana viwili hivi kwenye kiroba kilichotoboka, vinaweza kuwaka bila kiberiti. Mtunza ghala ambaye hajafundishwa kulitazama lile duara ataviweka pamoja kwa nia njema kabisa, kwa sababu vyote ni unga na vyote viko kwenye viroba.

Nirudi kwenye ile lita inayogawanywa. Kufungasha upya viuatilifu bila kibali ni kosa, na mamlaka inayohusika ni TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Lakini kusema ni kosa peke yake hakumsaidii mwenye mikorosho thelathini. Njia iliyo bora ni kugawana kazi badala ya kugawana dawa. Waliochangia lita wapange asubuhi moja, kopo litembee kutoka shamba hadi shamba likiwa na lebo yake, mtu mmoja mwenye glovu na kikombe cha kupimia apime, na dawa imiminwe moja kwa moja kwenye bomba la kila mmoja. Hakuna chupa ya pili inayozaliwa. Palipo na vifungashio vidogo vya mililita 50 au 100, chama cha ushirika kiagize hivyo hata kama bei kwa lita inapanda kidogo.

Pale ambapo dawa imekwishahamishwa na ipo ndani ya nyumba leo, isiachwe hivyo hata usiku mmoja zaidi. Ipate lebo. Kalamu ya wino mzito moja kwa moja kwenye plastiki haitoshi: dawa nyingi za maji zimeyeyushwa katika kiyeyushio cha jamii ya petroli, na tone moja likiteremka ubavuni linaufuta wino wote. Andika kwenye karatasi nyeupe, izungushe kwenye kiwiliwili cha chombo, kisha funika karatasi yote kwa selotepu pana ikizunguka chupa nzima na kurudi juu ya mwanzo wake. Usibandike kwenye kizibo, vizibo hubadilishana. Juu ya karatasi kuwe na jina la dawa kama lilivyo kwenye kopo, jina la kemikali yenyewe na kiwango chake (mfano lambda-sihalothrini gramu 50 kwa lita), neno HATARI kwa herufi kubwa, alama zilezile zilizo kwenye kopo zikichorwa kwa mkono, kipimo cha kuchanganya, na tarehe. Usiwe na wasiwasi na uzuri wa mchoro. Kisha chombo kiwekwe juu, kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na chakula. Dawa nyingi kati ya hizi zikichanganywa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa, na mchanganyiko uliobaki haupaswi kuhifadhiwa popote, chupani wala ndooni.

Jina la kemikali nimelisisitiza kwa sababu ya hospitali. Mtu aliyeathirika na dawa ya jamii ya oganofosfeti, kama profenofosi, hutibiwa kwa atropini, na kila dakika ina thamani. Aliyeathirika na dawa ya jamii ya pairethroidi, kama lambda-sihalothrini au saipamethrini, hana dawa mahususi ya kuiondoa sumu hiyo; hutunzwa kwa kufuata dalili. Sasa wote wawili wanaweza kufika wakitokwa mate mengi na kutetemeka. Daktari wa hospitali ya Ndanda au Ligula akiletewa chupa ya maji yenye kioevu cha rangi ya kahawia anabaki kukisia, na kukisia kwenye atropini nyingi kuna madhara yake. Mleteni mgonjwa na kopo, au lebo iliyobanduliwa, au angalau picha ya lebo kwenye simu. Ningeshauri kila kaya ipige picha hiyo siku dawa inapoingia nyumbani.

Kopo likiisha lisuuzwe mara tatu papo hapo shambani: maji robo ya kopo, kizibo kifungwe, litikiswe kwa sekunde 30, maji yamiminwe ndani ya bomba yakapuliziwe. Baada ya mara ya tatu litobolewe chini ili lisitumike tena. Likiachwa likauke, dawa hung'ang'ania ndani ya kopo na haitoki tena kwa maji. Viroba vya salfa visiwekewe mahindi wala korosho, na wala visichomwe.

Nyumbani kuna chupa nyingine mbili za kutazama. Moja ni asidi ya betri, ambayo hufanana sana na maji safi ya kuongezea betri. Alama yake ni vimiminiko viwili vikidondokea mkono na kipande cha chuma, vyote vikiliwa. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi kabla ya safari ya hospitali, si baada yake. Ya pili ni dawa ya kung'arisha nguo, wengi huita jiki, yenye alama hiyohiyo ya kula mkono na chuma. Wanaosafisha vyoo huichanganya na dawa ya choo yenye asidi wakitegemea madoa yatoke haraka. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Ruangwa nao wana zebaki, ambayo inastahili fuvu, kifua chenye nyota, na mti mkavu wenye samaki mfu, zote tatu. Kuichoma zebaki kwenye sufuria ya nyumbani ni kuwapa familia nzima mvuke usio na harufu. Barabarani nako, lori la mafuta likiwa na kibao cha chungwa chenye namba 33 juu na 1203 chini, hiyo ni petroli. Tarakimu ikirudiwa, hatari imeongezeka. Likianguka, vijana wasisogee na madumu.

Waajiri wa viwanda vya kubangua korosho hawana kisingizio. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi na Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani zote ni za mwaka 2003, ya kwanza ikisimamiwa na OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) na ya pili na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kila kemikali inayoingia kiwandani ina karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu 16. Sehemu ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 7 ni utunzaji, ya 8 ni vifaa vya kujikinga, ya 10 ni vitu isivyopaswa kukutana navyo. Mfanyakazi ana haki ya kuoneshwa, na aelezwe kwa Kiswahili. Na madumu ya mafuta ya maganda ya korosho, yanayobabua ngozi ya akina mama wanaobangua, yapate lebo kama kemikali nyingine yoyote. Kuzalishwa hapahapa hakuyafanyi kuwa salama.

Kwa vyama vya msingi vya ushirika ombi langu ni dogo. Kabla ya mgao, fotokopi ya lebo ya kila dawa ibandikwe ukutani kwa mwandishi wa chama, na kila anayepokea dawa apewe nakala yake mkononi pamoja na risiti. Gharama ni karatasi moja.

Kwako Mhariri, ninaomba kila mwaka mwezi Mei, kabla salfa haijaanza kugawiwa, utoe ukurasa mmoja wenye alama zote tisa na mikanda minne ya rangi, mkubwa wa kutosha kubandikwa ghalani. Uchapwe kwa rangi tafadhali, maana kwa nyeusi na nyeupe mikanda hiyo ni vigumu kutofautishwa.

Mdau wa usalama wa kemikali,
Masasi, Mtwara